Ndevu Chini

Ilianza na kitunguu.
Nilikata kitako chake chenye ndevu,
nikataka kukitupa, mkono ukagoma.
Kimoja mia mbili, pale Mbuyuni,
na mfukoni nilikuwa na mia tano,
na Jumamosi iko mbali
kama Same kwa miguu.

Nikakichomeka kwenye kopo la rangi
lililoachwa na mafundi wa Mama Ngowi,
nikakipa maji niliyooshea mchele.
Siku ya nne kikatoa ulimi wa kijani,
kikanichungulia.

Tangu hapo sikuwa mtu wa kupika tu.
Maganda ya ndizi niliyakatakata,
ya mayai nikayasaga kwa chupa ya soda,
majani ya chai nikayaanika juu ya gazeti
kama ugoro wa babu.
Wapangaji wenzangu wakawa wananigongea:
"Mama Nakijwa, uchafu wako huu hapa."
Wangu!
Nikaupokea kwa mikono miwili.

Nyanya sikununua mbegu.
"Hizi zimeshakufa," alisema Shose jioni moja,
akinimiminia zile zilizopasuka.
Nilizikamua juu ya ukurasa wa michezo,
mbegu zikagandia usoni mwa golikipa,
nikamzika golikipa mzima
na mabao yote aliyofungwa.
Wiki ya pili akaota.

Nisiseme kwamba kila kitu kiliitika.
Tangawizi ilioza.
Kiazi nilikifukua kila asubuhi
kuona kama kinanikumbuka; kikakata tamaa.
Mchicha ulifika majani mawili tu,
kuku wa uani wakaumaliza bila hata kunawa.
Na ndoo yangu ya maganda, nakiri, ilinuka.
Sikujua kuwa inataka majani makavu,
nyasi kidogo, pumzi kidogo,
kama mtu yeyote aliyebanwa chumba kimoja.
Mama Ngowi alisimama mlangoni, kanga puani:
"Nilipangisha chumba, sikupangisha jalala."
Kesho yake nikampelekea fungu la majani ya vitunguu.
Alipokea.
Hakusema asante. Alisema, "Yana mchanga."

Mwezi wa nane kodi ikapanda, elfu kumi juu.
"Maji," akasema. "Unamwagia."
Nikamwambia ni ya vyombo, yasiyo na sabuni,
yale yale ambayo yangekwenda mtaroni.
Akatazama upande wa mlima,
nao siku hiyo ulikuwa umejifunika.

Basi tukahama Pasua, twende Njoro.
Kitanda, godoro, meza, masufuria:
mkokoteni haukulalamika.
Kisha viroba saba na makopo kumi na mawili.
Tumsifu akainua kiroba kimoja, akakirudisha chini.
"Hiki nini?"
"Udongo."
"Kwani huko Njoro udongo umekwisha?"
"Upo. Lakini haujanywa chai yangu."
Alicheka mpaka akaegemea gurudumu,
kisha akakumbuka kazi yake, akadai elfu mbili zaidi.
Nikampa elfu moja na nyanya sita.
Moja aliila pale pale, akiifuta kwa shati.

Nakijwa alibeba lile kopo la kwanza,
amelikumbatia kama mtoto wa jirani
aliyekabidhiwa kwa muda.
Udongo ulikuwa mzito kuliko kitanda chetu.
Nilisukuma mkokoteni kwa nyuma, nikihesabu ndani yake
chai ya miezi tisa, mayai ya Pasaka,
ndizi za siku ile alipougua homa
akakubali kula nusu tu.

Hatujafika kona, Mama Ngowi akaita.
Nikageuka, nikidhani kuna deni la umeme.
Alikuwa amesimama getini bila viatu,
ameshika kitu kidogo kwa vidole viwili,
mbali na nguo yake.
Kitako cha kitunguu.
"Wewe," akasema, akitazama pembeni,
"hivi ndevu zinakaa juu, au chini?"

"Chini," nikajibu.
"Na usikifukue kukitazama."